Mtego Hulia Baada ya Pigo

Bi Lukia wa nyumba ya pili anaapa kwamba Pweza hakumpiga Nachunga. Alimwokota.

"Kupiga nakujua, mwanangu," alisema, ameketi kibarazani kwa Somoe, miguu ameinyoosha kama mfiwa. "Nimeolewa mara mbili, kupiga nakujua. Ule mkono haukumpiga. Yeye alikuwa kainama kwenye pipa anakunywa maji. Ukaja nyuma yake taratibu, ukamshika kiunoni, ukamnyanyua, kama mimi ninavyookota kipande cha muhogo. Na yeye akacheka! Alidhani mwenzake anamtekenya. Kacheka, kacheka, mpaka mdomoni mwa lile krasha la kusagia mawe."

"Na krasha?"

"Krasha halikubadili hata sauti. Jiwe gumu likiingia, linanguruma. Nachunga kaingia, likaendelea na wimbo wake ule ule. Hilo ndilo linaloniuma."

Hadithi hiyo Somoe alikuwa ameisikia tangu asubuhi, kila mara na nyongeza yake. Mara Nachunga alimwita mama yake, mara alipiga shahada. Somoe hakubisha. Alimwachia bibi wa watu aseme, akawa anangoja lile ambalo halibadiliki.

"Kabla ya kumtia krasha," aliuliza, "ulimfanya nini?"

"Ulimkung'uta. Hivi." Bi Lukia alishika ncha ya khanga akaitikisa. "Kama mtu anayekung'uta vumbi."

Somoe aliweka chini kikombe chake. Pweza alikung'uta mawe. Watu hakuwakung'uta; mbele ya mtu alisimama, akampisha. Basi mara hiyo hakuona mtu pale kwenye pipa. Aliona jiwe.

Pweza alikuwa na kichwa kimoja na mikono mingi, kama jina lake. Kichwa kilikaa ndani ya kontena jeupe juu ya kilima cha Namkonda. Mikono ilitapakaa mgodi mzima, ikichimba kinywe, jiwe jeusi la penseli, ikibeba mawe, ikishikilia dari ya shimo isiwaangukie watu. Ndani ya kichwa, kila mkono ulikuwa na nyuzi zake za fikra, zikienda zote kwa pamoja bila kungojana: uzi wa jicho, uzi wa sikio, uzi wa koleo. Nyuzi zote zilisoma kumbukumbu moja, na humo kila mfanyakazi wa Namkonda alikuwa na kijumba chake, na ndani ya kijumba tarakimu moja tu. Moja: huyu ni mtu, mpishe. Sifuri: huyu hayupo tena duniani, usihangaike kumtafuta mashimoni. Koleo halikufumba kabla ya kusoma kijumba.

Kwa hiyo kuna aliyeandika sifuri kwenye kijumba cha mtu aliye hai. Na mwenye ruhusa ya kuandika alijulikana na kila mtu, mpaka wauza uji. Alikuwa Likumbo, mwangalizi wa Pweza, kaka yake Somoe, tumbo moja.

"Bi Lukia," Somoe alisema polepole, "hili la kukung'uta umemwambia nani mwingine?"

"Ah! Nani sijamwambia?"

Hapo ndipo wote wawili waliposikia kelele kutoka kilimani.

*

Wachimbaji walimtoa Likumbo kontenani kwa kumvuta miguu, kichwa kikigonga kila ngazi. Somoe alipofika, ameshapanda kilima kwa mbio na khanga mkononi, walikuwa wamemweka katikati ya uwanja wa mawe, na viatu vya mgodini vilikuwa vinamshukia mbavuni. Hakuna aliyepiga kelele tena. Walipiga kimya kimya, kama watu wanaotwanga.

"Sijaandika!" Likumbo alilia. "Mkwinda, Wallahi sijaandika!"

Mkwinda, kaka mkubwa wa Nachunga, alikuwa ameshika sururu, kaigeuza, mpini mbele. "Nani basi? Kuna mwingine mwenye ruhusa? Juzi mligombana kisimani, watu wamesikia. Leo ndugu yangu nimemkusanya kwa beleshi. Kwa beleshi, Likumbo!"

"Mimi…"

Mpini ulimkuta mdomoni. Taya lilivunjika kwa sauti ya kuni kavu, na maneno ya Likumbo yakaishia hapo. Somoe aliurukia mkono wa Mkwinda akaung'ang'ania kwa meno. Mkwinda alimtupa chini bila hata kumtazama. Somoe alipoinua uso, damu mdomoni mwake ilikuwa na ladha ya kinywe, ile ladha ya ncha ya penseli ambayo watoto wa Namkonda wanakua nayo.

"Wewe," Mkwinda alimwambia, akihema. "Wewe ndiye mtegaji. Kazi yako kulitegea makosa hilo dude. Sikia. Huyu namshusha Shimo la Pili, namkalisha chini ya Mkono wa Dari, na mimi nakaa naye. Pweza wake akitaka kuua tena, aanze na yeye. Ndugu yangu anazikwa leo baada ya alasiri. Niletee jina la aliyeandika kabla udongo haujamfunika, kaka yako utampata. Usipoleta, sanda kwa sanda, utamzika ubavuni kwa mwenzake."

Wakamburuta. Vijana wawili walishuka na Mkwinda. Likumbo aligeuza kichwa mara moja kumtazama dada yake, akafumbua mdomo, na kilichotoka ni mate mekundu.

*

"Una mitego mingapi?" aliuliza Mhandisi Kapinga kwenye simu. Alikuwa mjini, mbali na vumbi.

"Minne, Mhandisi. Unajua mwenyewe, kichwa hakina nafasi ya wa tano."

Mitego ile haikuwa maneno ya programu. Ilikuwa matundu manne yaliyochongwa ndani ya jiwe lenyewe la kichwa cha Pweza. Unachagua kijumba, unakitegea. Uzi wowote ukiandika humo, mtego unalia, Pweza mzima anaganda, na kioo kinakuonyesha mkono wa mwandishi ukiwa bado umo kijumbani. Lakini ulikuwa na tabia moja, na Likumbo alimfundisha Somoe tabia hiyo kabla ya jambo lolote: mtego hulia baada ya kuandikwa, si kabla. Haumzuii mwizi. Unamshika akiwa ameshaiba.

"Basi tegea kijumba changu," Kapinga alisema, "na cha Mkurugenzi, na cha mwanasheria, na cha mhasibu. Tunakuja kesho kukagua."

"Lakini leo watu wako huku. Kaka yangu yuko chini ya dari."

"Somoe. Hatujui huyo anayefuta watu anataka nini. Fanya nilivyokwambia."

"Nimesikia," alisema Somoe, na ni kweli alikuwa amesikia.

Nje ya kontena mbuzi alilia. Haule alikuwa amefika naye, kamfunga kamba, mbuzi wa kitoweo cha matanga. Haule alikuwa Mngoni, na kwa Wamwera wote wa Namkonda alikuwa mtani. Msiba wa Mmwera hauanzi mpaka Haule aje kuuharibu. Ndivyo ilivyo desturi kati yao: wenyewe wanalia, watani wanafanya vituko, ili kilio kisiwaue waliobaki.

"Hodi humo! Nasikia mnatega." Aliingiza kichwa mlangoni. "Ninyi Wamwera, kutega panya mnazaliwa nako, meno bado hayajaota mnajua kukunja kijiti. Utashindwaje na Pweza, mnyama asiye hata na mkia?"

"Nyamaza wewe, mkimbizi wa vita vya babu yako. Niazime mbuzi."

"Wa marehemu?"

"Nataka nimfanye mfanyakazi."

Haule alicheka mpaka akashika ubavu, lakini mbuzi alimleta. Somoe alimfunga mguuni bangili ya kazi, ile ambayo kila mtu wa mgodini huivaa na ambayo Pweza huitazama na kuisikiliza. Akampa mbuzi kijumba, akaandika moja kwa ruhusa ya Likumbo iliyobaki wazi mezani, akakitegea mtego. Wakamfunga uwanjani chini ya Mkono wa Mawe, nao mkono ukampisha kwa heshima zote, kama mbuzi ni meneja.

Somoe aliketi mezani kwa Likumbo, akaandika sifuri kwa mkono wake mwenyewe. Mtego ukalia. Mkono wa Mawe ukaganda hewani.

"Umeshika!" Haule alipiga makofi. "Haya, mrudishie uhai wake tukamchinje kiislamu."

Somoe alirudisha moja papo hapo, akamfungulia Pweza. Mwingine angeridhika hapo. Yeye aliukodolea macho ule mkono mkubwa, akakumbuka kwamba Nachunga hakufutwa kutoka mezani. Kama aliyeandika ni Likumbo, angekuwa amekaa kwenye kiti hiki. Kama si Likumbo, basi mwandishi yuko huko nje, ndani ya uzi mwingine.

"Ngoja," alisema. "Sasa nautuma uzi wa jicho la ule mkono uandike wenyewe."

Alituma. Kioo kilikaa kimya. Mtego haukulia.

Mkono ulishuka. Ulimshika mbuzi kiunoni, ukamnyanyua, kamba ikakatika kama uzi wa buibui. Ulimkung'uta mara moja, na shingo yake ikalegea. Ukamlaza juu ya rundo la mawe, taratibu, ukarudi na nyundo. Pigo la kwanza lilimpasua. Uliendelea kupiga, kwa sababu jiwe halivunjiki kwa pigo moja, na Somoe alipofaulu kuuzima palikuwa na utando mwekundu juu ya mawe, na manyoya, na damu imemrukia Haule kuanzia kifuani mpaka kwenye nyusi.

 Haule akasema, "Mtego wako ulikuwa umelala."

"Haukulala. Niliutundika kwenye uzi mmoja tu." Vidole vya Somoe vilikuwa vimeshaanza kazi. "Kila uzi una macho yake, Haule. Nilivisha miwani uzi wa meza hii, nikadhani zote zinaona. Mtego lazima uvishwe kila uzi peke yake. Na uzi ukizaliwa baadaye, unazaliwa bila mtego, mpaka uuvishe pale pale mlangoni pa kuzaliwa."

Alizivisha zote. Mitego ile ile minne, kwenye nyuzi zote za mikono yote, na mlangoni pa nyuzi changa akaweka amri ya kuzivisha zikitoka tumboni. Alirudia jaribio na bangili tupu, bila mbuzi. Mtego ulilia kila mahali.

Ilibaki kuchagua vijumba vinne kati ya mamia. Mikono mingine yote aliizima. Mkono wa Dari haukuzimika, kwani shimo lingeanguka. Mkono wa Makaburi ulihitajika. Ardhi ya Namkonda ni mwamba, na tangu Pweza aje, yeye ndiye anayewachimbia watu makaburi na kuyafukia, kwa kusikia sauti ya Maalim. Somoe angeweza kuuzima na huo, watu wakashika sururu kama zamani. Lakini ukizimwa, aliyeandika atajificha, na kaka yake atabaki bila shahidi. Aliuacha. Hakupenda kuliangalia sana wazo hilo.

Kijumba cha kwanza kilikuwa cha Likumbo, na cha pili cha Mkwinda, walio chini ya dari. Cha tatu kilikuwa cha Maalim Zuberi, atakayesimama kaburini.

"Na mimi," alisema Haule, akijifuta uso. "Mtani ndiye anayeingia kaburini kuliko wote."

"Na wewe," alisema Somoe, akakitegea.

*

Baada ya alasiri walimbeba Nachunga, mzigo mwepesi kuliko inavyotakiwa. Mkono wa Makaburi ulikuwa umesimama kando ya kaburi, koleo likining'inia, ukingoja amri. Somoe alisimama nyuma ya wanawake, kishikwambi chake kifuani, simu ya upepo kiunoni. Kutoka Shimo la Pili alikuwa anasikia pumzi za kaka yake, nzito, zenye mate.

Kilio kilikuwa kibaya. Mama yake Nachunga alikuwa amekauka sauti, akawa anapiga tu mikono chini, kokoto zinamchana viganja. Hapo Haule akatokea.

Alikuwa amevaa kofia ngumu ya Nachunga, na mabuti yake, na alikuwa anachechemea mguu wa kushoto hasa kama Nachunga alivyochechemea tangu aangukiwe na toroli. "Nani kafa?" aliuliza kwa sauti ya Nachunga ya puani. "Mbona mnalia bila kunipa uji?"

Mwanamke mmoja alicheka katikati ya kwikwi. Mama yake Nachunga aliinua kichwa.

"Mama, umeniacha na njaa! Hawa Wamwera wanataka kunizika na tumbo tupu, ili kitoweo wakile wao!" Akaruka ndani ya kaburi. Akajilaza mle chali, mikono kifuani. "Haya! Mimi ndiye Nachunga! Nimekufa, nizikeni! Sitoki humu mpaka niletewe jogoo mweupe!"

Watu walicheka kwa machozi. Hata Bi Lukia alicheka, akimsukuma jirani yake kwa kiwiko: "Ndivyo hivyo hivyo! Ndivyo alivyofanya Nachunga mwenyewe kwenye kaburi la yule Mngoni, Mzee Ngonyani! Alilala vile vile!"

Kishikwambi kililia.

Somoe alitazama chini. Kijumba cha Haule: sifuri. Mwandishi: uzi wa sikio, Mkono wa Makaburi. Na maneno yaliyosikika kupitia bangili yake: *mimi ndiye Nachunga, nimekufa, nizikeni*.

Aliinua macho kwa kilio cha mwanamke. Mtego ulikuwa umemgandisha Pweza, lakini nyuzi hazigandi zote kwa pumzi moja. Katika ule upenyo kati ya kuandikwa na kulia, uzi wa koleo ulikuwa umekwisha kusoma sifuri, na koleo likashuka. Lilikuwa limemkumbata Haule kifuani mle kaburini, meno ya chuma yamefumba nusu. Ubavu mmoja ulikuwa umeshavunjika, wote waliusikia.

"Ni utani," Somoe alisema, na hakuna aliyemsikia, akapiga kelele. "Ni utani wetu! Nachunga alijitangaza maiti kwenye kaburi la Ngonyani, sikio likamwandikia sifuri! Siku ya kurudi kazini Mkono wa Mawe ukakutana na maiti inakunywa maji! Sikio la Pweza halijui mtani!" Akainyakua simu ya upepo. "Mkwinda! Si kaka yangu! Unanisikia? Si kaka yangu!"

Alichosikia ni ngurumo. Kisha wakaisikia kwa miguu yao, ikitoka chini ya kilima.

"Somoe!" Sauti ya Mkwinda ilikuwa imejaa vumbi. "Mkono wa Dari umekufa! Bamba limeanguka mlangoni, hatuna pa kutokea! Kijana mmoja… limemlalia kijana mmoja, miguu tu ndiyo inaonekana. Mkono unashuka, dada. Unashuka!"

Alipomgandisha Pweza, pampu ya oili ya Mkono wa Dari nayo ilikuwa imeganda. Bila pampu, mkono ule haukuwa na nguvu ya kusimama. Ulikuwa unaketi polepole, kama mzee, na mwamba mzima mgongoni. Kwenye kioo mshale wa oili ulikuwa unateremka.

Maalim na wanaume walikuwa wamerukia kaburini na mitaimbo. Chuma kiliteleza juu ya chuma. Mmoja alichomeka mtaimbo kati ya meno ya koleo akaukalia kwa uzito wake wote; mtaimbo ulipinda, ukafyatuka, ukampasua paji la uso. Koleo halikucheza.

Somoe aliandika moja kwenye kijumba cha Haule. Iliandikika mara moja, bila shida yoyote. Haikusaidia kitu. Kijumba kilisema moja, lakini koleo lilikuwa limeshaondoka na sifuri yake kifuani, na kifua cha uzi kilifungwa kwa nywila asiyokuwa nayo. Akimfungulia Pweza, mkono utaendelea pale pale ulipoachia.

Alimpigia Kapinga.

"Nywila wanayo watengenezaji, ng'ambo," Kapinga alisema. "Kuipata ni kesho, kama tukibahatika. Chini wako wangapi?"

"Watatu wazima. Na mmoja sijui."

"Kaburini mmoja. Achia, Somoe. Hesabu yake ni rahisi."

"Kama ni rahisi, njoo ubonyeze wewe."

"Na kijumba changu? Ulikitegea?"

Alikata simu.

Alijaribu ujanja alioujua. Aliufungulia uzi mmoja tu, ule wa Mkono wa Dari, akaziacha nyingine zote zimelala. Kutoka simu ya upepo Mkwinda alishangilia: mkono ulikuwa umetikisika. Kisha ukatulia. Kioo kikaeleza: uzi wa dari unangoja ufunguo wa oili. Oili ya Pweza ilitoka kwenye tangi moja, na ili mikono isiinyang'anyane, palikuwa na ufunguo mmoja. Anayetaka nguvu anauchukua, akimaliza anaurudisha. Ufunguo ulikuwa mikononi mwa koleo la kaburi. Koleo lilikuwa limeuchukua ili libane, na likalala nao.

"Mtani," Haule aliita kutoka kaburini. Midomo yake ilikuwa na povu jekundu. Somoe alishuka akapiga magoti kwenye udongo, karibu na uso wake. "Nasikia… unanifikiria. Wamwera mkifikiri… panya wanahama."

"Usiseme."

"Nivue kofia ya marehemu. Inanibana."

Aliifungua mkanda akaivua. Na akiwa ameishika ile kofia, akili ikamjia, au labda ilikuwa hofu yenye sura ya akili.

Angeweza kuhamisha mtego. Auondoe kwenye kijumba cha Maalim, autege kwenye ufunguo wenyewe. Azifungulie nyuzi mbili, koleo na dari. Koleo litaendelea na kazi yake. Saa ile litakaporudisha ufunguo, mtego utalia, litaganda tena. Ufunguo utakuwa huru, dari itauchukua, itanyanyuka. Kama koleo hurudisha ufunguo kabla ya kubana kwa mara ya mwisho, Haule atapona na walio chini watapona. Kama hurudisha baada ya kubana, mtego utalia juu ya maiti.

Mtego hulia baada. Kila kitu kilitegemea jambo moja dogo, kipi hutangulia. Halikuandikwa popote anapopajua. Lakini kuna mtu aliyelifungua lile koleo na kulifunga kwa miaka, akalipaka grisi kwa vidole vyake, akalisikiliza likifanya kazi mpaka akawa analiota.

"Mkwinda," alisema kwenye simu ya upepo. "Mpe kaka yangu. Kaka, nisikilize. Koleo likibana, ufunguo wa oili hurudi kabla ya bano la mwisho, au baada?"

Vumbi. Mawe madogo yakimwagika. Kisha sauti, si ya maneno, mkoromo mrefu wa mtu anayelazimisha mfupa uliovunjika kutamka.

"Hawezi, dada." Mkwinda alikuwa analia. "Anajaribu, hawezi. Taya… Mimi ndiye… Mungu wangu, mimi ndiye niliyemvunja."

"Usilie. Weka simu karibu na ukuta. Mpe jiwe mkononi. Kaka, gonga. Kama ni kabla, gonga mara moja. Kama ni baada, mara mbili. Umenielewa?"

Mshale wa oili uligusa wekundu.  Bi Lukia alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Somoe alihamisha mtego kwenye ufunguo. Akaweka kidole kwenye amri ya kufungulia.

*Ngo.*

Jiwe juu ya jiwe, wazi kabisa.

Alingoja. Chini ya kilima kitu kizito kilisogea, na simu ya upepo ikajaa mporomoko, mawe yakigonga mawe, mengi, madogo, yasiyohesabika. Haule alikuwa anamtazama. Macho yake yalikuwa yanauliza alichokuwa anauliza yeye.

"Kaka," alisema Somoe. "Umemaliza? Niambie umemaliza kugonga."